Mwongozo Kamili wa Kutembelea Ardhioevu ya Mto Ugalla Ukitokea Tabora Mjini

Kila kiangazi watu waliojaribu kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla wakitokea Tabora mjini huniletea malalamiko yanayofanana. Mmoja alizuiwa langoni kwa sababu hakuwa amelipa, na mahali alipokuwa amesimama simu yake haikuwa na mtandao wa kumwezesha kulipa. Wengine walilala siku 2 kwenye udongo mweusi mwezi wa tano, ingawa gari lao lilikuwa zima na dereva wao alikuwa hodari. Walio wengi walifika salama, wakazunguka kutwa nzima kwa gari, kisha wakarudi mjini wakitangaza kwamba Ugalla haina wanyama.

Makosa hayo yote yana mzizi mmoja. Msafiri amepanga safari kwa kuangalia likizo yake na kwa mazoea ya nyanda kavu za nyasi, ilhali kwenye ardhioevu maji ndiyo yanayopanga kila jambo: mwezi wa kwenda, njia ya kupita, mahali pa kulala na saa ya kuwaona wanyama. Ugalla ni mojawapo ya mito inayolisha ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, ikiwa ya kwanza kutoka Tanzania, yenye eneo la hekta 3,250,000. Katika mfumo huo nyanda za mafuriko zinaweza kutanda hadi hekta milioni 1.5 mvua inapokuwa kubwa, kisha zikanywea sana wakati wa kiangazi. Mtu asiyefuata kutanda na kunywea huko atafika mahali sahihi kwa wakati usio sahihi.

Mwongozo huu unamhusu msafiri wa kawaida mwenye gari moja au mawili, anayetaka kukaa siku 3 hadi 4 bila kutegemea kampuni ya utalii.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

Usivinunue njiani, kwa kuwa baada ya mji wa mwisho wa lami hakuna duka la kutegemea.

Gari na vifaa vyake: gari linalovuta kwa magurudumu yote 4 na lililoinuka, matairi 2 ya akiba, jeki pamoja na ubao mpana wa kuiweka juu yake, koleo, panga, kamba ndefu ya kuvutia gari, pampu ya upepo, na wavu mwembamba wa kufunika rejeta. Beba pia mafuta ya ziada kwenye madumu ya chuma.

Maji na chakula: lita 5 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na maji ya kupikia na kuoga, na chakula cha siku 2 zaidi ya ulizopanga.

Mavazi: nguo nene za mikono mirefu za rangi ya udongo au kijani kilichofifia. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani. Sababu yake nitaieleza mbele.

Kambi: hema lenye zipu zima, chandarua, tochi 2, na madumu yenye vifuniko vinavyobana.

Afya: kisanduku cha huduma ya kwanza, dawa ya kuzuia malaria kwa ushauri wa daktari, na dawa zako za kila siku.

Nyaraka: kitambulisho cha Taifa, risiti ya malipo iliyochapishwa, na ramani iliyohifadhiwa kwenye simu kwa matumizi yasiyohitaji intaneti.

Darubini: hiki ndicho kifaa ambacho wengi hukiona cha anasa. Kwenye ardhioevu ni cha lazima, kwa sababu mara nyingi mnyama atakuwa ng'ambo ya maji na hutaweza kumsogelea.

Usibebe mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia mifuko ya kitambaa au visanduku.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuyafuata maji

Mvua zetu huanza mwezi Novemba na kuisha Aprili, na wakati mwingine huingia Mei. Watu wengi hudhani kwamba mvua ikikoma mjini basi njia za Ugalla zimekauka. Si kweli. Nchi yetu ni tambarare, maji hutembea polepole, na yale yaliyonyesha mbali huendelea kuingia mabondeni wiki kadhaa baada ya anga kuwa jeupe. Ndiyo maana mwezi Mei, wenye jua zuri, huwanasa wageni wengi.

Juni na Julai njia huanza kupitika, lakini nyasi bado ni ndefu kuliko gari, usiku una baridi kali, na wanyama wametawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Unaweza kwenda, ila utaona kidogo.

Kuanzia Agosti mto huacha kutiririka sehemu nyingi na kubaki mabwawa yaliyotengana. Hapo viboko, mamba, samaki na ndege husongamana kwenye maji machache yaliyosalia, na wanyama wa porini hulazimika kutoka msituni kuja kunywa. Ushauri wangu ni nusu ya pili ya Agosti hadi mwisho wa Septemba. Oktoba wanyama husongamana zaidi, na miti ya miombo huchipua majani mekundu ya kupendeza kabla hata tone la mvua halijaanguka, lakini joto ni kali na mvua ya kwanza inaweza kukukuta ndani.

Utajuaje kwamba umechagua vema? Piga simu ofisi ya hifadhi na usiulize kama barabara ni nzuri, kwa sababu jibu litategemea gari la unayemuuliza. Uliza iwapo mto bado unatiririka au umebaki mabwawa. Ukijibiwa kwamba umebaki mabwawa, endelea na hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Maliza ruhusa na malipo ukiwa mjini

Ugalla ilikuwa pori la akiba, na tangu mwaka 2019 ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Mtu aliyezoea taratibu za mapori ya akiba, au anayemfuata jamaa aliyewahi kuingia zamani kuvua au kurina asali, asidhani kwamba taratibu hizo bado zinatumika.

Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu. Omba namba hiyo mapema, ukiwa umetaja idadi ya watu, aina ya gari, siku za kukaa na kama mtapiga kambi. Viwango hutofautiana kati ya raia na wageni, kwa hiyo kila mmoja awe na kitambulisho chake mkononi. Lipa ukiwa mjini na uchapishe risiti.

Katika simu hiyo hiyo uliza mambo mengine 3: ni lango gani linapitika kwa wakati huo, ni kambi zipi zilizo wazi, na kama mtapata askari wa kuwasindikiza. Usiruke swali la tatu. Kutembea kwa miguu hifadhini bila askari mwenye silaha hakuruhusiwi, na askari anayeijua Ugalla ndiye anayejua ni bwawa gani lina maji mwaka huu.

Onyo: ndege zisizo na rubani, mbwa na silaha haviingii bila kibali maalumu. Usivifiche kwenye mizigo ukitumaini kwamba havitaonekana.

## Hatua ya 3: Andaa gari kwa ajili ya nyasi

Kila mtu hujiandaa kwa matope. Wachache hujiandaa kwa nyasi, nazo katika kiangazi huharibu magari mengi zaidi.

Unapopita njia yenye nyasi ndefu zilizokauka, mbegu zake huingia na kuziba rejeta, na injini huchemka bila wewe kuona kasoro yoyote. Funga wavu mwembamba mbele ya rejeta, na kila baada ya mwendo wa dakika 30 usimame kuusafisha.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko chini ya gari. Nyasi hujisokota kwenye bomba la moshi, zikapata joto, na zikawaka. Kwa hiyo kila unaposimama kusafisha wavu, inama uangalie chini na uzing'oe kwa fimbo. Usiegeshe kamwe gari lenye injini ya moto juu ya nyasi kavu. Tafuta mahali peupe.

Jaza mafuta kwenye mji wa mwisho wa lami, na piga hesabu ya kwenda, kuzunguka na kurudi, kisha uongeze theluthi moja, kwa sababu gari linalotembea kwa gia ndogo kwenye mchanga hula mafuta kupita ulivyozoea.

## Hatua ya 4: Safiri mchana, na uijue mbuga kabla ya kuivuka

Hifadhi iko kusini-magharibi mwa Tabora mjini. Njia iliyozoeleka ni ya lami hadi Urambo, kisha vumbi kuelekea kusini; wapo wanaopitia upande wa Sikonge. Fuata lango ulilotajiwa, si lile linaloonekana karibu kwenye ramani. Ondoka saa 12 asubuhi ili vumbi lote ulimalize jua likiwa juu.

Hapa nieleze neno moja. Kwingineko nchini mbuga ni mahali pa wanyama. Kwetu Unyamwezini mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi linalotuamisha maji, pale pale ambapo mkulima huchimba majaruba ya mpunga. Mwenyeji akikuambia kwamba mbele kuna mbuga, hakuambii habari za twiga. Anakuonya kuhusu udongo.

Udongo huo ukikauka hupasuka na kuwa mgumu kama sakafu. Tatizo ni kwamba ganda la juu hukauka wiki kadhaa kabla ya tope la chini. Macho yataona ardhi kavu, na gurudumu la nyuma litatumbukia hadi kwenye ekseli. Kabla ya kuivuka fanya hivi:

1. Simamisha gari kwenye udongo mwekundu au mchanga, si ukingoni mwa mbuga.
2. Chimba kwa koleo kina cha urefu wa kiganja na nusu, katikati ya alama za magurudumu.
3. Chukua udongo wa chini na uuviringishe kwa vidole. Ukikatika na kumong'onyoka, pita. Ukiviringika ukawa uzi mrefu usiokatika, geuka utafute njia nyingine, hata kama itakugharimu saa 3.
4. Ukiamua kupita, abiria washuke, gari liende kwa mwendo mmoja usiobadilika, na usisimame katikati kwa sababu yoyote.

Mkiwa na magari mawili, la pili lisiingie mpaka la kwanza limetoka. Nimewahi kuyashuhudia yote mawili yamezama hatua 20 kutoka moja hadi jingine, na kamba za kuvutia zikabaki bila kazi.

Vijijini simama uwasalimu watu. Asubuhi "Mwangaluka" inatosha kufungua mazungumzo, na mzee anayechunga kando ya njia anaweza kukueleza hali ya bonde la mbele vizuri kuliko ramani yoyote. Ukiona mizinga juu ya miti usiiguse wala usiegeshe chini yake. Ni mali ya watu, na nyuki wa miombo hawana subira.

## Hatua ya 5: Piga kambi mbali na maji

Ndani ya hifadhi lala mahali ulipoelekezwa tu. Ndani ya eneo hilo, hata hivyo, bado una uchaguzi wa kufanya, na mgeni karibu kila mara huchagua ukingo wa maji kwa sababu ndiko kwenye mandhari nzuri.

Usiku kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi, na hupita njia ile ile kila siku mpaka ikawa mfereji uliochongeka. Tafuta mifereji hiyo kabla jua halijazama, na usisimamishe hema juu yake wala kati yake na maji. Kiboko anayekuta kitu kati yake na bwawa hakizunguki. Maji ya kuoshea vyombo yachote mchana, ukiwa na askari, kwa ndoo yenye kamba ndefu, na usirudi kuchota mahali hapo hapo kila siku, kwa kuwa mamba hujifunza mazoea ya anayekuja majini.

Jambo la pili ni nyuki. Wakati wa kiangazi maji ni adimu, na nyuki huyafuata popote yalipo: kwenye ndoo iliyo wazi, kwenye taulo lililolowa, hata kwenye sufuria iliyosuuzwa. Wakianza wachache, baada ya saa moja watakuwa mamia. Funika madumu yote, anika nguo mbali na hema, na mkitaka mweke bakuli la maji umbali wa hatua 100 ili waelekee huko. Usiwafukuze kwa kupunga mikono.

Moto uwashwe kwenye udongo mtupu uliofyekwa pande zote, na uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi. Septemba cheche moja inatosha kuteketeza bonde zima.

Dalili ya kambi iliyopangwa vizuri: usiku mnasikia viboko wakikoroma kwa mbali, na asubuhi hakuna nyayo mpya kati ya mahema.

## Hatua ya 6: Kaa kwenye bwawa moja

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu wengi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu aliyezoea kuzunguka kwa gari huona kwamba kukaa mahali pamoja ni kupoteza fedha za kiingilio. Kwenye ardhioevu ni kinyume chake: wewe ukizunguka unawafukuza, ukitulia wanakuja.

Fika bwawani jua linapochomoza. Mwombe askari achague mahali ambapo jua liko nyuma yenu, ili maji yasiwamulike machoni. Dondosha vumbi kidogo kuona upepo unakoelekea; unapaswa kutoka kwenye maji kuja kwenu. Zima injini, fungeni redio, na mkae angalau saa 2.

Dakika 20 za kwanza hutaona kitu. Viboko wamezama kwa kuwa wamesikia gari. Usikate tamaa, maana kiboko mzima hukaa chini dakika chache tu kabla ya kulazimika kupumua. Hesabu matundu ya pua yanayochomoza, wala usisubiri kichwa kizima. Wakianza kukoroma na kurudi juu bila kuwatazama, bwawa limewakubali.

Baada ya hapo ndege hurudi. Furukombe hulia kutoka mti mkavu. Domomwiko hupitisha mdomo wake majini kushoto na kulia kama afagiaye, na kwarara huchoma matope. Kongoti wakisimama wengi ukingoni kwenye maji yenye matope, jueni kwamba kambale wamebanwa humo na bwawa hilo linakaribia kukauka. Mkipata nafasi ya kurudi kesho yake, rudini hapo.

Jua likipanda, mamba hutoka kuota jua, na wengine huacha midomo wazi ili wapoe. Ndipo wanyama wa msituni huja kunywa: nyamera, palahala, tohe, na korongo. Neno korongo huwachanganya wengi, kwa kuwa ni jina la swala mkubwa wa miombo na pia la ndege wa miguu mirefu. Ukimuuliza askari habari za korongo, taja kama ni wa pembe au wa mabawa.

Kuna viumbe 2 ambao wageni huwataja kabla hata hawajashuka garini: korongo nyangumi, mwenye mdomo mkubwa kama kiatu, na nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea kwenye matope laini. Hawa ni wa vinamasi vyenye mafunjo na matete ya mfumo huu mkubwa, na nzohe akishtuka huweza kuzama akabakiza pua. Usiipange safari ya siku 3 kwa ajili yao pekee.

Onyo: kiboko anayefungua kinywa kwa upana akikutazama hapigi miayo, anakuonya. Ondokeni taratibu. Msiingie kwenye mtumbwi, na msitie miguu majini hata panapoonekana salama, kwa sababu mbali na mamba, maji yaliyotuama yenye konokono hubeba kichocho.

Dalili ya mafanikio: mmeondoka na ndege bado wanakula pale pale walipokuwa.

## Hatua ya 7: Jilinde na mbung'o

Mbung'o, ambao wengi hapa kwetu huwaita ndorobo, huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea na kwa rangi za bluu na nyeusi. Ndiyo sababu hulifuata gari, na ndiyo sababu vitambaa vya rangi hizo vyenye dawa hutundikwa porini ili kuwaua. Ukiviona usiviguse wala usivichukue.

Funga vioo gari linapotembea msituni, na mkisimama waueni waliomo ndani kabla ya kufungua milango. Dawa za kupaka za mbu huwazuia kidogo mno, na huuma kupitia nguo nyepesi. Kinga yenu ni nguo nene zisizobana. Jioni wakipungua, mbu huchukua zamu, hivyo msivue mikono mirefu.

## Hatua ya 8: Toka mapema, kisha uuangalie mwili wako mwezi mzima

Siku ya mwisho msiongeze bwawa moja zaidi. Ondokeni asubuhi ili vumbi na mbuga mvivuke mchana, na kabla ya kupita langoni mwelezeni askari mambo yoyote mliyoyaona: mtego wa waya, mzoga, moto, au mifugo iliyoingizwa. Taja mahali na saa, maana wao hawawezi kuwa kila bwawa.

Takataka zote rudini nazo Tabora.

Kwa wiki 4 baada ya kurudi, homa yoyote isichukuliwe kuwa uchovu wa safari. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, upimwe malaria, na hata majibu yakionyesha huna, mweleze mganga waziwazi kwamba ulikuwa Ugalla na uliumwa na mbung'o, kisha umwombe damu yako iangaliwe kwa hadubini kutafuta vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwonyeshe pia uvimbe au kidonda chochote kilichojitokeza pale ulipoumwa. Malale ya upande wetu hukua haraka, lakini yana tiba, na tiba hiyo ni nyepesi zaidi vimelea vikigunduliwa kabla havijafika kwenye ubongo. Andika tarehe ya kuingia na ya kutoka hifadhini nyuma ya risiti yako ya malipo, na uende nayo kituoni.